Kasha la Kompyuta na Haki ya Kufungua

Katika ofisi zetu nyingi, ukiuliza lile sanduku lililo chini ya meza linaitwaje, utajibiwa bila kusita: "Hiyo ndiyo sipiyu." Wajuzi hucheka, kwa kuwa sipiyu kwa hakika ni kipande kidogo kinachoenea kiganjani, kilichofichwa ndani kabisa ya sanduku hilo. Mimi pia nilikuwa nikicheka. Siku hizi nimeacha, kwa sababu nimeng'amua kuwa kosa hilo la lugha lina ukweli wake wa kijamii. Tumelipa sanduku zima jina la kiungo chake kimoja kwa kuwa wengi wetu hatujapata kulifungua. Chombo tusichokifungua hukosa viungo machoni petu. Huwa kitu kimoja kizima, ambacho ama kinafanya kazi ama kimekufa.

Makala haya yanahusu sanduku hilo: kasha la kompyuta ya mezani, na namna ya kulichagua kwa mtu anayetaka kujiundia kompyuta yake nyumbani. Najua msomaji aliyezoea kukuta hapa habari za katiba, ardhi na mikopo ya elimu ya juu atashangaa. Namwomba subira. Historia ya bati hili inarudi kwenye swali ambalo tumeliuliza mara nyingi kwa sura nyingine: nani mwenye haki ya kufungua, kukagua na kutengeneza kile anachosemekana kukimiliki?

Kisa kilichonifikisha hapa ni cha kawaida kabisa. Mojawapo ya kompyuta za idara yetu ilizima asubuhi moja na ikakataa kuwaka. Haikuwa ya zamani. Ilikuwa imenunuliwa kwa utaratibu wote wa zabuni, ikiwa na nembo ya kampuni kubwa, umbo dogo la kupendeza na dhamana iliyokwisha muda miezi michache kabla. Nilimwita fundi kijana ambaye hutusaidia mara kwa mara. Aliifungua, akapima, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, pawa saplai imekufa. Ingekuwa mashine ya kawaida, ningekubadilishia leo hii hii."

"Kwani hii si ya kawaida?"

"Tazama mwenyewe. Umbo lake peke yake, plagi yake peke yake. Hata matundu ya skrubu ni ya kwao wenyewe."

Nilipendekeza basi tuitoe bodi, yaani ule ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, tuiweke katika kasha jingine lenye pawa saplai nzima. Haikuwezekana. Bodi nayo ilikuwa na umbo lake, na hata waya wa kitufe cha kuwashia ulikuwa na plagi isiyofanana na nyingine yoyote. Wakala wa kampuni alituambia kifaa hicho kinaagizwa nje, kinachukua wiki kadhaa, na bei yake ilikaribia nusu ya mashine mpya. Kwa hiyo kompyuta yenye prosesa nzima, ramu nzima na diski nzima iliandikwa chakavu na kupelekwa stoo.

Ni huko stoo nilikopata somo langu. Kwenye kona, chini ya mafaili, palikuwa na kasha tupu la rangi ya maziwa iliyogeuka manjano, la mwishoni mwa miaka ya 1990. Fundi alilitazama, akatoa katika mkoba wake bodi mpya kabisa aliyokuwa akimpelekea mteja, akaishusha ndani ya kasha lile. Matundu ya bodi yalikaa juu ya matundu ya kasha, moja baada ya jingine, kana kwamba vilitoka kiwanda kimoja siku moja. Kati ya vitu viwili hivyo palikuwa na zaidi ya miaka ishirini. Kompyuta ya juzi haikuweza kuokolewa, na kasha la enzi za disketi lilikuwa tayari kupokea bodi ya leo. Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali mawili: kwa nini matundu yale yaliingiana, na nani alipata kuamua kwamba mengine yasiingiane?

Jibu linaanzia Marekani, katika miaka ya 1970. Toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics lilitoa kwenye jalada lake kompyuta iitwayo Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ndogo ya MITS katika mji wa Albuquerque. Iliuzwa zaidi kama mkusanyiko wa vipande ambavyo mnunuzi alivichomea risasi na kuvifunga mwenyewe. Kasha lake lilikuwa sanduku la chuma lenye swichi na taa mbele. Ndani yake kadi zilichomekwa kwenye soketi zenye pini 100, na kampuni nyingine zikaanza kutengeneza kadi za kuingia humo bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwezi Machi mwaka huohuo, wapenzi wa ufundi huo walianza kukutana katika gereji huko Menlo Park, California, chini ya jina la Homebrew Computer Club. Kompyuta ya kwanza ya kampuni ya Apple, ya mwaka 1976, iliuzwa kama bodi tupu; kasha lilikuwa juu yako, na wapo waliolichonga kwa mbao.

Ni vigumu kwa Mtanzania kusoma tarehe hizo bila kukumbuka nyingine. Mwaka 1974, miezi tu kabla ya jalada lile la Altair, serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya uzoefu mchungu wa kuendesha hesabu za serikali kwa mashine hizo. Wapo wanaoikebehi hatua ile. Mimi sitaki kuikebehi. Kompyuta iliyojulikana hapa kwetu wakati ule ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wenye wataalamu kutoka nje na vipuri kutoka nje. Nchi maskini ilikuwa na haki ya kuuliza mtambo huo unamtumikia nani. Kasoro ilikuwa kwamba jibu letu lilikuwa la mlango: tuufunge. Marufuku ilipolegezwa katika miaka ya 1980, na soko huria likaja nyuma yake, jibu likawa tena la mlango: tuufungue. Katika vipindi vyote viwili hatukuuliza swali la sanduku lenyewe, yaani likishaingia, nani ataweza kulifungua.

Turudi kwenye njia kuu. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitangaza kompyuta yake binafsi, modeli 5150, iliyobuniwa na kikosi kidogo huko Boca Raton, Florida, chini ya uongozi wa Don Estridge. IBM ilikuwa kampuni ya mitambo mikubwa, iliyozoea kutengeneza kila kitu yenyewe. Safari hii ilikuwa na haraka. Kazi ilifanywa kwa takriban mwaka mmoja. Kwa sababu ya haraka hiyo ilinunua vipande vilivyokuwa tayari sokoni: prosesa kutoka Intel, programu endeshi kutoka Microsoft. Kisha ikachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na hata maandishi ya programu ya msingi iliyomo kwenye bodi, ili wengine watengeneze kadi za kuingia katika nafasi tano zilizokuwa ndani ya kasha.

Hapo ndipo mlango ulipoachwa wazi, na si kwa ukarimu. Mwaka 1982 watu watatu waliotoka kampuni ya Texas Instruments walianzisha Compaq mjini Houston. Programu ya msingi ya IBM ililindwa na hakimiliki, hivyo haikuwezekana kuinakili. Wahandisi wa Compaq waliandika upya programu inayofanya kazi ileile bila kuchukua maandishi ya IBM, na kompyuta yao ikaendesha programu zilizoandikiwa IBM. Wengine wakafuata. Kufikia katikati ya mwongo ule, karakana za Marekani na Asia, hasa Taiwan, zilikuwa zikitoa bodi, kadi na makasha yaliyofuata vipimo vya IBM, kwa sababu mteja alitaka kadi aliyokwisha kuinunua iendelee kuingia.

Kuna kipimo kimoja kinachostahili kutajwa kwa tarakimu. IBM ilipotoa modeli ya XT mwaka 1983, iliongeza nafasi za kadi kutoka tano hadi nane, na ili zienee ikazisogeza karibu: sehemu nane za kumi za inchi kutoka kadi moja hadi nyingine, yaani milimita 20.32. Ukipima leo nyuma ya kasha lolote la kawaida utakuta kipimo hichohicho. Hakuna sheria ya bunge lolote inayokilazimisha. Kimedumu kwa sababu watu wengi mno wanakitegemea, na yeyote atakayekibadilisha atabaki peke yake.

Tusidhani hata hivyo kwamba wenye nguvu waliridhika. Apple, ambayo mwaka 1977 ilikuwa imetoa Apple II yenye kifuniko cha kunyanyua kwa mkono na nafasi nane za kadi, ilitoa Macintosh mnamo Januari 1984 ikiwa sanduku lililofungwa. Halikuwa na nafasi ya kadi hata moja, na skrubu zake zilihitaji bisibisi ya ncha ya nyota ya pembe sita yenye shingo ndefu, ambayo wachache walikuwa nayo nyumbani. Upande wa ndani wa kasha hilo paliwekwa saini za watu walioibuni. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Msanii huweka saini yake mahali pa kuonekana. Hawa waliiweka mahali ambapo mwenye mali hakutarajiwa kufika.

IBM nayo ilijaribu kurudisha nyuma saa. Mwezi Aprili 1987 ilitoa kompyuta za PS/2 zenye mfumo mpya wa nafasi za kadi, uliolindwa kwa hataza, na aliyetaka kuutumia alitakiwa kulipa mrabaha. Kiufundi mfumo ule ulikuwa bora kuliko wa zamani. Haki itendeke kwa kulisema hilo. Lakini kadi za zamani hazikuingia. Mwezi Septemba 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zilitangaza mfumo wao mbadala ambao kadi za zamani zingeweza kuingia humo. Soko halikuifuata IBM. Kampuni iliyoanzisha kiwango ilikuwa imepoteza mamlaka juu yake, na kuanzia hapo kiwango kikawa mali ya wanaokitumia.

Hatua ya mwisho ni ya mwaka 1995, pale Intel ilipochapisha vipimo viitwavyo ATX. Vilieleza bodi ya milimita 305 kwa 244, mahali pa kila tundu la skrubu, dirisha la soketi za nyuma, na umbo la plagi ya umeme. Walioshika bisibisi kabla ya hapo wanakumbuka kwamba umeme wa bodi ulipita kwenye plagi mbili zilizokaa sambamba, na mtu akizipishana aliunguza bodi. Kanuni ya mafundi ilikuwa kwamba nyaya nyeusi zikutane katikati. ATX ilileta plagi moja isiyoingia kinyume. Baadaye zikaja bodi ndogo zaidi zinazotumia baadhi ya matundu yaleyale: microATX ya milimita 244 kwa 244 mwaka 1997, na Mini-ITX ya milimita 170 kwa 170, iliyotolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001. Ndiyo maana bodi ndogo huingia katika kasha kubwa. Intel yenyewe ilipotaka kuachana na ATX miaka ya 2000 kwa kuleta umbo jipya lililoitwa BTX, lililopangwa kwa ajili ya kupoza vizuri zaidi, wenye viwanda na wanunuzi hawakulipokea, nayo ikaliacha. Mara ya pili mwanzilishi alikuta hawezi kuvunja alichokijenga.

Nimepata hapo jibu la swali langu la stoo. Matundu yaliingiana kwa sababu miaka mingi ya ushindani, haraka, hesabu za faida na ubishi wa wanunuzi imeacha nyuma yake makubaliano. Tusiyapambe. Hayakuandikwa kwa ajili ya maskini wa dunia. Yaliandikwa na makampuni kwa manufaa yao, na makasha yenyewe hukunjwa viwandani Asia na wafanyakazi ambao majina yao hatutayajua. Lakini makubaliano yakishakuwapo humnufaisha hata asiyealikwa mezani. Fundi wetu wa Dar es Salaam hakuhudhuria kikao cha Intel, na bado kiwango cha ATX ndicho kinachompa riziki. Jibu la swali la pili ni rahisi zaidi: matundu yasiyoingiana ni uamuzi wa mtu mmoja aliyeona kwamba makubaliano yanampunguzia mauzo.

Baada ya kuyajua hayo, nilianza kutafuta kasha la kompyuta yangu mwenyewe. Nitaeleza nilivyochagua, kwa sababu wanafunzi kadhaa wameniuliza, na kwa sababu historia isiyoshuka hadi mkononi hubaki porojo.

Jambo la kwanza nililolitazama ni kama kasha linataja kwa uwazi umbo la bodi na la pawa saplai linalolipokea. Kasha la ukubwa wa kati linalopokea bodi ya ATX hupokea kwa kawaida na zile ndogo. Mini-ITX pekee hupendeza mezani, lakini hukufungia ndani ya uchaguzi mdogo. La muhimu zaidi ni pawa saplai. Hicho ndicho kifaa kinachoumia kwanza katika umeme wetu wa kupanda na kushuka, kwa hiyo ndicho kinachopaswa kupatikana katika duka lolote. Kasha linalodai pawa saplai ya umbo la pekee nililiweka kando hata kama bei yake ilivutia.

La pili ni hewa. Prosesa na kadi ya picha hugeuza karibu umeme wote zinaoutumia kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Hewa baridi iingie kwa mbele, ya moto itoke kwa nyuma na juu. Sokoni nilikuta makasha mengi yenye uso wa kioo kizima na taa za rangi, ambamo feni tatu zinahangaika kuvuta hewa kupitia mwanya mwembamba wa pembeni. Hupendeza dukani. Katika chumba kisicho na kiyoyozi mwezi wa Februari hapa pwani, kasha la namna hiyo ni jiko. Nilichagua lenye uso wa wavu wa chuma.

La tatu ni vumbi. Hewa inayoingia huleta vumbi, na penye unyevunyevu wa bahari vumbi hushikamana kama rangi. Nilitafuta machujio yanayochomoka kwa mkono bila bisibisi, mbele na chini, ili yaoshwe kila mwezi. Kisha nikapanga feni zinazoingiza hewa ziwe nyingi kuliko zinazotoa, ili hewa ipite kwenye chujio na isivutwe kupitia kila ufa.

La nne ni vipimo vya ndani, ambavyo muuzaji hatavitaja usipomwuliza: urefu wa kadi ya picha unaoruhusiwa, kimo cha kipoza prosesa, na nafasi ya kupitisha nyaya nyuma ya bodi. Nimewaona vijana walionunua kadi kwa akiba ya mwaka mzima wakakuta inazidi kasha kwa sentimita mbili. Nenda na namba zako zimeandikwa.

La tano ni bati lenyewe. Libonyeze kwa kidole gumba upande mpana. Bati jembamba mno hutetemeka na kupiga kelele pamoja na feni, na kingo zisizosuguliwa hukata vidole. Hesabu vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyoinua bodi isiguse bati, kwa maana bodi ikigusa bati inapiga shoti. Na kabla ya yote hayo, hakikisha soketi ya nyumbani ina waya wa ardhi unaofanya kazi. Kasha la chuma limeunganishwa na ardhi ya umeme kwa makusudi. Penye soketi isiyo na ardhi, utaligusa nalo litakusisimua mkono, na si kasha lenye kosa.

Msomaji atauliza kama nililichukua lile kasha la manjano la stoo. Nililitamani, lakini hapana. Matundu yake ya skrubu yalikuwa sahihi, ila lilitengenezwa kwa ajili ya prosesa zilizotoa joto dogo, na uso wake hauna pa kupitishia hewa ya kutosha. Kiwango hulinda uwezekano wa kubadilisha. Hakigeuzi kila cha zamani kuwa chema. Nilinunua kasha jeusi, la kawaida, lisilo na taa. Nilifunga kompyuta yangu Jumamosi moja nikiwa na bisibisi moja, na binti yangu akiwa ameshika bakuli la skrubu. Ilipowaka aliniuliza: "Baba, kwa hiyo sipiyu ni ipi?" Tulizima, tukafungua, nikamwonyesha.

Laiti mambo yangeishia hapo, haya yangekuwa makala ya ufundi. Lakini idara yetu inanunua tena kompyuta, na safari hii nimo katika kikao kinachoandaa vipimo vya mahitaji. Rasimu ilitaja kasi ya prosesa, ukubwa wa ramu, ukubwa wa diski na upana wa kioo. Haikuwa na neno moja kuhusu kasha. Niliomba kiongezwe kipengele kimoja: kwamba bodi na pawa saplai ziwe za umbo sanifu linalopatikana madukani, na kasha lifunguke kwa bisibisi ya kawaida. Mjumbe mmoja, mtumishi mwadilifu ninayemheshimu, alinijibu kwa upole: "Mwalimu, sisi tunanunua kompyuta. Hatununui skrubu."

Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mashine iliyofungwa na kampuni kubwa huja na dhamana, na mkaguzi wa hesabu huelewa dhamana kuliko anavyoelewa matundu. Mtumishi wa umma aliyenunua nembo inayojulikana halaumiwi. Aliyenunua vipande vya kuunganishwa na fundi wa mtaani anaweza kuulizwa kwa nini. Pia ni kweli kwamba mashine ndogo zilizofungwa hula umeme kidogo na huchukua nafasi kidogo. Lakini dhamana ina mwisho wake kwa tarehe, na mali ya umma haina desturi ya kufa siku dhamana inapokwisha. Inabaki mezani miaka saba, minane, kumi. Kwa miaka hiyo yote ya ziada, anayeamua kama itaishi au itafutwa ni umbo la plagi.

Wenzetu wameanza kuliona jambo hili kuwa la sheria. Jimbo la New York lilitunga sheria ya haki ya matengenezo ya vifaa vya kielektroniki mwaka 2022, na Umoja wa Ulaya ukapitisha maelekezo yake juu ya matengenezo ya bidhaa mwaka 2024. Si lazima tuwangoje wabunge wetu. Mnunuzi mkubwa kuliko wote katika nchi hii ni serikali yenyewe, pamoja na shule, vyuo, hospitali na halmashauri zake. Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba IBM haikushindwa mahakamani mwaka 1987, wala Intel haikushindwa mahakamani katika suala la BTX. Walishindwa na wanunuzi waliokataa kununua kisichoingiana na walichonacho. Kila waraka wa zabuni ni kura katika uchaguzi wa namna hiyo, na sisi tumekuwa tukipiga kura hiyo huku tumefumba macho.

Mwaka 1974 tuliifungia nje mashine tusiyoielewa. Leo tunaiingiza ndani bado hatuielewi, tunaiweka chini ya meza, tunaipa jina la kiungo chake kimoja, na ikizima tunaipeleka stoo. Tofauti kati ya nyakati hizo mbili ni ndogo kuliko tunavyojisifu. Kujitegemea hakudai tutengeneze kila kitu wenyewe. Hakuna taifa linaloweza. Kunadai tuweze kukifungua tulichokinunua, tukione, tubadilishe kilichokufa na kuendelea na kilicho hai.

Kipengele changu kimeingia kwenye rasimu, kikiwa na alama ya kujadiliwa. Kikao kijacho kitaamua. Nimeahidi kwenda nacho kile kiwili cha stoo: pawa saplai iliyokufa yenye umbo la peke yake, na lile kasha la manjano lenye matundu yanayopokea bodi ya leo. Nitaviweka mezani mbele ya wajumbe, na bisibisi pembeni.